Perpetua na Felisita: Wanawake wa Karthago Waliomo Katika Majina Yetu



Niliombwa nizungumze juu ya majina ya watu wa kale: wale wa Biblia, wa Kanisa la mwanzo na wa dola ya Kirumi. Mada hiyo ni pana, nami sitajaribu kuimaliza. Nimechagua majina mawili tu, tena ya wanawake, kwa sababu wengi wetu tuna shangazi, jirani au mwalimu aliyeitwa kwa mojawapo. Majina yenyewe ni Perpetua na Felisita, au Felista kama wengine wanavyotamka.

Tumezoea kuyaita majina haya ya Kizungu. Msichana akijitambulisha kuwa Perpetua, mzee humuuliza upesi jina lake la nyumbani, kana kwamba la kwanza ameazimwa na la pili ndilo lake. Jina la nyumbani nalipenda na kuliheshimu. Lakini nasema bila kusita kwamba Perpetua na Felisita si wanawake wa Ulaya. Walizaliwa Afrika, wakafungwa Afrika, wakahukumiwa na kuuawa Afrika, na mmoja wao aliandika mwenyewe mambo yaliyompata gerezani. Lugha ya majina yao ni Kilatini, sikatai. Hata Asha na Fatuma ni majina ya Kiarabu, na hakuna mtu wa pwani anayemwona bibi yake Asha kuwa mgeni. Jina ni la watu walioishi nalo, na hawa wawili waliishi nalo katika bara hili miaka mia kumi na minane iliyopita.

Mji wao ulikuwa Karthago, kwenye pwani ya Mediterania, jirani na Tunis ya leo. Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Kristo, kisha wakaujenga upya wao wenyewe, na ilipofika mwaka 200 ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya dola yao. Kilatini kilikuwa lugha ya mahakama na shule, Kipuniki, lugha ya mji kabla ya Warumi, kilisemwa bado, Kigiriki kilijulikana kwa waliosoma, na bara yake ilijaa wenyeji tunaowaita leo Waberberi. Hata Kaisari wa wakati huo, Septimius Severus, alizaliwa Lepcis Magna, katika nchi ya Libya ya leo. Juu ya rangi ya ngozi ya wanawake hawa maandishi hayasemi neno. Siku hizi iko michoro inayomwonyesha Perpetua mweupe na Felisita mweusi. Wachoraji wamejitungia hayo kutokana na fikra za zama zetu, hawakuyakuta katika maandishi hayo.

Ukristo wa Karthago ulianza kuonekana katika maandishi kwa kesi ya mauaji. Tarehe 17 Julai mwaka 180, watu kumi na wawili kutoka mahali palipoitwa Scillium walihukumiwa Karthago kukatwa vichwa. Kumbukumbu ya kesi yao ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa ya Kikristo kwa lugha ya Kilatini. Ndani yake yako majina ya Kilatini kama Donata na Secunda, na yako mengine kama Nartzalus na Cittinus, ambayo masikio ya Roma yangeyatambua mara moja kuwa ya Kiafrika. Baada ya hao ikapita miaka ishirini na mitatu.

Mwaka 203 walikamatwa vijana waliokuwa wakijifunza dini, wakatekumeni, kabla hawajabatizwa. Waliotajwa ni Revocatus na mjoli wake Felisita, Saturninus, Secundulus, na Vibia Perpetua. Saturus, aliyekuwa mwalimu wao, hakuwepo walipokamatwa. Alijipeleka mwenyewe ili awe nao.

Tazameni orodha hiyo namna ilivyoandikwa. Perpetua peke yake ana majina mawili. Vibia ni jina la ukoo, nasi tunaambiwa kwamba alizaliwa katika nyumba yenye heshima, alisomeshwa vizuri, aliolewa kwa ndoa kamili, alikuwa na umri wa miaka kama ishirini na miwili, wazazi wake walikuwa hai, ana kaka wawili, na ana mtoto mchanga wa kiume anayenyonya. Huyo ni mwungwana, na jina lake linatangaza hivyo. Mumewe hatajwi hata mara moja, na nimesoma nadharia nyingi kuhusu kutotajwa kwake ambazo hazikuniridhisha.

Felisita hana jina la ukoo, kwa maana mtumwa hakuwa na ukoo mbele ya sheria ya Kirumi. Hakuwa na baba wa kisheria wala mume wa kisheria, na mtoto atakayemzaa angekuwa mali ya bwana wake. Jina lenyewe maana yake ni heri. Mabwana wa Kirumi walipenda kuwapa watumwa majina ya furaha, na sisi wa pwani hii tunaijua desturi hiyo kwa uchungu. Watumwa wetu waliitwa Mabruki, Faraji, Baraka, Feruzi. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewaongoza wasafiri wa Kizungu hadi kwenye maziwa makuu, alikamatwa utotoni na kuuzwa, na jina alilozaliwa nalo lilipotea. Aliyevuliwa kila kitu akaitwa Mbarikiwa. Felisita alikuwa wa kundi hilo. Tena niseme jambo linalokosewa mara kwa mara katika mahubiri na vitabu vidogo vya dini: hakuna mahali kitabu cha habari zao kinaposema kwamba alikuwa mtumwa wa Perpetua. Kinasema alikuwa mjoli wa Revocatus, basi. Tumezoea hadithi ya bibi na kijakazi wake mwaminifu, na mazoea hayo yametufanya tumwekee Felisita bibi asiyekuwa wake.

Kitabu ninachokizungumzia huitwa Mateso ya Watakatifu Perpetua na Felisita. Ni kifupi, mtu hukimaliza kwa saa moja. Kina sauti tatu. Mwanzo na mwisho ni wa mhariri asiyetaja jina lake. Katikati kuna maandishi ya Perpetua, na baada yake maono aliyoyaandika Saturus. Wako wataalamu wanaotilia shaka kwamba mwanamke huyo aliandika kweli. Mimi naamini aliandika. Kilatini cha sehemu yake hakifanani na cha mhariri: sentensi zake ni fupi, zimeunganishwa kwa "na" na "na", kama mtu anayesimulia kabla hajaitwa na askari. Mhariri anapamba, yeye hapambi. Basi haya ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo tuliyo nayo duniani, na mwandishi wake alikuwa mama anayenyonyesha, katika gereza la Afrika.

Anaanza na baba yake. Mzee huyu, peke yake kati ya jamaa wote, hakukubaliana na imani ya binti yake, naye alimpenda kuliko ndugu zake. Alikuja kumsihi aikane. Perpetua akamwonyesha chombo kilichokuwa chini pale, mtungi au kitu cha namna hiyo, akamuuliza kama chombo kile kinaweza kuitwa kwa jina jingine lisilo lake. Baba akajibu kwamba hakiwezi. Ndipo binti akamwambia kwamba naye vivyo hivyo hawezi kujiita kitu kingine ila kile alichokuwa, yaani Mkristo. Baba alighadhibika kwa neno lile akamrukia kama anayetaka kumng'oa macho, kisha akaondoka ameshindwa.

Fikirini juu ya msichana wa miaka ishirini na miwili katika jamii ambamo baba alikuwa na mamlaka juu ya watoto wake hata wakiwa watu wazima. Jina lake alipewa na baba. Ukoo wake ni wa baba. Sasa anamwambia mzee huyo, kwa adabu, kwamba liko jina ambalo baba hakulitoa na hawezi kuliondoa. Sehemu hii nimeirudia mara nyingi, na kila mara humhurumia baba pamoja na binti.

Siku chache baadaye wakabatizwa, kisha wakatiwa gerezani. Perpetua anasema waziwazi kwamba aliogopa. Hakuwahi kuona giza la namna ile. Joto lilikuwa kali kwa wingi wa watu, askari waliwanyang'anya watu fedha, na juu ya yote aliteseka kwa wasiwasi wa mtoto wake. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, waliwahonga walinzi ili wafungwa wahamishiwe sehemu iliyo afadhali kwa saa chache. Hapo akamnyonyesha mtoto, ambaye tayari alikuwa amelegea kwa njaa. Baadaye akaruhusiwa kukaa naye gerezani, na papo hapo akapata nafuu. Anaandika kwamba gereza likawa kwake kama jumba la kifalme, hata hakutaka kuwa mahali pengine.

Baba alirudi mara ya pili, amekonda kwa mawazo. Akamwomba azihurumie mvi zake, amkumbuke mama yake, na dada wa mama yake, na mtoto ambaye hataweza kuishi bila yeye. Akambusu mikono, akajitupa miguuni pake akilia. Perpetua anaongeza jambo moja ambalo mwandishi mwingine angeliruka: kwamba baba hakumwita tena binti, alimwita bibi. Katika nyumba za Kirumi, kama katika nyumba kubwa za Unguja na Lamu zamani, mwenye kuitwa bibi alikuwa mwenye watumwa, na waliomwita hivyo walikuwa chini yake. Mzee amejishusha mpaka daraja la mtumwa mbele ya mwanawe mwenyewe. Perpetua aliona, akasikitika, akamfariji, lakini hakuyumba.

Kesi ikasikilizwa hadharani. Liwali wa jimbo alikuwa amefariki, na aliyeshika madaraka yake kwa muda ni mkuu wa fedha aliyeitwa Hilarianus. Baba akatokea na mtoto mkononi. Hilarianus naye alimsihi Perpetua atoe sadaka kwa ajili ya afya ya makaisari. Alipokataa, akaulizwa kama ni Mkristo, akakiri. Baba alipoendelea kumvuta, Hilarianus aliamuru aondolewe, akapigwa fimbo. Perpetua anasema pigo lile lilimuuma kama amepigwa yeye. Hukumu ikatolewa: watupwe kwa wanyama. Alipotuma shemasi Pomponius akamletee mtoto, baba alikataa kumtoa. Lakini mtoto hakutaka ziwa tena, na maziwa hayakumletea mama homa wala uvimbe. Mwanamke yeyote aliyewahi kunyonyesha atatambua kwamba jambo hilo halikuandikwa na mwanamume.

Gerezani aliona njozi nne. Katika ya kwanza aliona ngazi ya shaba nyembamba iliyofika mbinguni, imezungukwa na panga, mikuki na kulabu, na chini yake joka. Akakikanyaga kichwa cha joka kama daraja la kwanza, akapanda, akafika bustanini alipomkuta mchungaji mwenye mvi akikamua kondoo, naye akampa tonge la maziwa yaliyogandishwa. Alipoamka alikuwa bado anatafuna kitu kitamu. Katika ya mwisho alipigana mwereka na Mmisri wa kutisha, akajiona amegeuka mwanamume, akamshinda. Kuhusu hizo mbili wameandika watu wengi. Moyo wangu hubaki kwenye zile mbili za katikati, zinazomhusu mdogo wake Dinocrates, aliyekufa na umri wa miaka saba kwa donda baya la usoni. Jina la mtoto huyo lilimtoka mdomoni ghafla alipokuwa akisali, naye akashangaa kwamba hakuwa amemkumbuka siku zote zile. Usiku akamwona ana kiu, uso una donda lile lile, amesimama kando ya birika la maji ambalo ukingo wake umemzidi kimo. Akamwombea mchana na usiku. Akamwona tena: ukingo umeshuka, kidonda kimekuwa kovu, mtoto anakunywa, kisha anakwenda kucheza kama watoto wanavyocheza. Msichana aliyehukumiwa kifo alitumia siku zake za mwisho kumtafutia maji ndugu yake aliyekwisha kufa.

Maandishi yake yanakomea siku moja kabla ya michezo. Anasema ameandika mpaka hapo. Yatakayotokea uwanjani, atakaye na ayaandike.

Felisita hakuandika. Hatujui kama alijua kusoma. Lakini mhariri ametuhifadhia habari zake, na mtumwa ambaye habari zake zimefika hadi kwetu kwa urefu kama huo ni nadra katika maandishi ya Kirumi. Alikamatwa akiwa mjamzito, na siku ya michezo ilipokaribia alikuwa katika mwezi wa nane. Sheria ilikataza mwanamke mwenye mimba kuadhibiwa hadharani. Huzuni yake ilikuwa kwamba angeachwa nyuma, auawe baadaye peke yake pamoja na wahalifu. Wenzake nao waliona uchungu kumwacha mwenzao mwema njiani. Siku tatu kabla ya michezo wakaomba pamoja, na mara baada ya sala uchungu wa uzazi ukamshika.

Uzazi wa mwezi wa nane ulikuwa mgumu, naye akapiga kelele. Mlinzi mmoja akamdhihaki: ikiwa analia hivi sasa, atafanya nini atakapotupwa kwa wanyama? Felisita akamjibu kwamba maumivu ya sasa anayapata yeye mwenyewe, lakini kule uwanjani atakuwepo mwingine ndani yake atakayeteseka kwa ajili yake, kwa kuwa naye atateseka kwa ajili ya huyo. Haya ni maneno ya mtumwa, yamesemwa sakafuni mwa gereza, katikati ya uchungu wa kuzaa. Wanateolojia wamejaza vitabu kueleza maana ya kufa pamoja na Kristo, nami sijaona palipoelezwa vizuri kuliko hapo. Alijifungua mtoto wa kike, na dada mmoja Mkristo akamchukua akamlea kama binti yake. Jina la mtoto halikuandikwa.

Michezo ilifanywa tarehe 7 Machi, kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Geta, mwana mdogo wa Kaisari. Secundulus alikuwa amefia gerezani. Waliobaki walipofika langoni walitakiwa kuvishwa mavazi ya ibada: wanaume ya makuhani wa Saturno, wanawake ya makuhani wa Ceres. Perpetua akakataa. Hoja yake ilikuwa ya kisheria: wametoa maisha yao kwa hiari ili wasifanye jambo la namna hiyo, na hayo ndiyo makubaliano yao na serikali. Jemadari alikubali wakaingia na nguo zao. Saturus alijeruhiwa na chui hata akatapakaa damu. Wanawake wawili waliwekewa ng'ombe jike mkali. Perpetua alipoangushwa, alivuta nguo yake iliyochanika ajisitiri, akatafuta kibanio afunge nywele zake, kwa sababu nywele zilizotimka zilikuwa dalili ya msiba naye hakutaka kuonekana yuko matangani. Kisha akamwona Felisita ameanguka chini. Akamwendea, akampa mkono, akamwinua, wakasimama wote wawili.

Hapo ndipo macho yangu huishia kila nisomapo. Katika mji uliowatenga hao wawili kwa sheria, kwa jina na kwa damu, umati mzima uliwaona wamesimama bega kwa bega. Baadaye wakauawa kwa upanga. Mpiganaji aliyepewa kazi ya kumuua Perpetua alikuwa mwanagenzi. Alimkosa, upanga ukagonga mfupa, Perpetua mwenyewe akauongoza mkono uliotetemeka kwenye koo lake.

Geta, ambaye michezo ile ilikuwa ya heshima yake, aliuawa mwishoni mwa mwaka 211 kwa amri ya kaka yake Caracalla, na serikali ikaagiza jina lake lifutwe kila mahali. Mafundi walipita na patasi katika dola nzima wakilichonga litoke maweni. Mawe hayo yapo mpaka leo, na pengo la jina lake linaonekana. Majina ya wafungwa wale yaliendelea. Kanisa la Karthago lilikisoma kitabu hiki mwaka kwa mwaka. Karibu miaka mia mbili baadaye, Augustino, askofu wa Hippo, alihubiri katika sikukuu yao, na mahubiri yake kadhaa ya siku hiyo yapo. Tena alilazimika kuwakumbusha watu katika moja ya vitabu vyake kwamba maandishi yale si sehemu ya Biblia. Bila shaka walikuwepo waliokuwa wakiyataja kwa uzito wa Maandiko. Katika Sala ya kwanza ya Ekaristi ya Kanisa Katoliki, kwenye orodha ya watakatifu wanawake, Felisita hutajwa kwanza, Perpetua akafuata.

Kitabu chenyewe kilififia katika mikono ya wengi. Mwaka 1663 kilichapishwa kutokana na nakala ambayo Lucas Holstenius aliikuta katika monasteri ya Monte Cassino, Italia. Mwaka 1889 Rendel Harris akapata nakala ya Kigiriki huko Yerusalemu.

Sasa nije kwetu. Mwaka 1868 yalitokea mambo mawili ambayo hayakujuana. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo kutoka Unguja, wakaanza kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mwaka huohuo, kule Algiers, Askofu Mkuu Charles Lavigerie alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao kwa kanzu zao tuliwaita Mapadre Weupe. Mwaka 1878 msafara wao wa kwanza ulipita Bagamoyo kuelekea Tabora, na kutoka huko wengine wakaenda Ziwa Tanganyika, wengine Buganda. Mwaka 1884 Lavigerie akafanywa Askofu Mkuu wa Karthago, jimbo lilipofufuliwa. Alikuwa mtu wa zama zake, na mapenzi yake kwa Ufaransa yalichanganyika na kazi yake kwa namna ambayo hatuwezi kuisifu yote. Lakini aliyekuwa akiwatuma mapadre waliofika Karema na Ushirombo ndiye aliyekalia kiti cha Karthago, na mwaka 1888 alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa.

Mmoja wa mapadre wake, Alfred-Louis Delattre, alibaki Karthago akichimba magofu mpaka alipofariki mwaka 1932. Mwaka 1907, katika magofu ya kanisa kuu la kale, alipata vipande vya jiwe lililoandikwa. Alipoviunganisha yakasomeka majina ya Saturus, Saturninus, Revocatus, Secundulus, Felisita na Perpetua. Kwa hiyo katika miaka ileile ambayo ndugu zake wa shirika walikuwa wakiwabatiza babu na bibi zetu kandokando ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyanza, yeye alikuwa ameshika mkononi jiwe lenye majina hayo.

Wabatizwa wengi wa mwanzo katika vituo vile walikuwa watu waliokombolewa kutoka minyororoni. Mmoja wao, Adriano Atiman, alitekwa utotoni karibu na mto Niger, akakombolewa, akasomea uganga huko Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Aliyabeba majina yote mawili, la ubatizo na la kwao, na leo hakuna anayejua habari zake atakayesema kwamba mojawapo halikuwa lake. Mwanamke aliyetoka minyororoni akabatizwa Felisita alipewa jina la mtumwa mwenzake. Sijui ni wangapi walielezwa hivyo siku ile maji yalipomiminwa vichwani mwao. Nachelea kwamba ni wachache mno, kwa maana mpaka leo tunayasikia majina haya bila kusimuliwa habari zake.

Na si hayo mawili tu. Deogratias, ambaye kila mtaa wa Dar es Salaam una Deo wake, ni jina la askofu wa Karthago wa karne ya tano. Waafrika wale walipenda kufanya sentensi nzima ya shukrani au ya kumtegemea Mungu iwe jina la mtu. Askofu mwingine wa mji huo aliitwa Quodvultdeus, yaani atakalo Mungu. Wazee wao Wapuniki walifanya vivyo hivyo na mungu wao Baal, kama katika jina Hannibal. Mrundi aitwaye Ndayishimiye au Mnyarwanda aitwaye Hakizimana amepewa jina kwa desturi ya aina hiyohiyo. Monika naye, mama yake Augustino, ana jina ambalo wataalamu wanalihesabu kuwa la Kiberberi, la kienyeji kabisa. Basi mzee anayemuuliza Monika jina lake la nyumbani, aelewe kwamba Monika pia lilikuwa jina la nyumbani, nyumba yenyewe ikiwa Thagaste, katika Algeria ya leo.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa makatekista na walimu wa dini, Wakatoliki na Waanglikana, maana wote wanaikumbuka siku hii katika kalenda zao: tarehe 7 Machi, msiishie kuyataja majina. Simulieni kisa chote, pamoja na mtungi, birika la Dinocrates, na jibu la Felisita kwa mlinzi. Vijana wa sekondari watakielewa bila shida. Perpetua hakuwazidi umri kwa mengi. La pili ni kwenu wazazi. Mkimpa binti yenu jina la Felisita, mwambieni mapema, kabla shule haijamwambia vingine, kwamba Felisita wa Karthago alikuwa Mwafrika, alikuwa mtumwa, na alimjibu mlinzi wa gereza akiwa katika uchungu wa kuzaa.